Mkono Uliofutwa Begani

Saa mbili na nusu asubuhi, mzee mmoja, fundi mwashi, anaweka simu yake mezani na kuisukuma taratibu. Kwenye kioo, mkewe amesimama mlangoni akicheka. Mkono wa mtu umemshika begani.

"Nitolee huo mkono," anasema. "Mkatie yai zuri, abaki peke yake. Tunamzika saa nane."

"Mkono wa nani, baba?"

"Wangu."

Mwanamke aliye mbele ya kompyuta anaachia kipanya. Majirani humwita Mama Mayai, maana kazi yake ni kukata picha za simu kwa umbo la yai au duara, kuzizungushia ukingo na kumrudishia mwenyewe zikiwa tayari kutumiwa ndugu na jamaa. Kuna mtu aliwahi kumfuata akitaka trei mbili, akanuna kuambiwa hazipo.

Chumba chake kina dirisha moja, kompyuta moja na benchi la wateja wawili wembamba. Siku njema anapata kazi sita, na nne kati ya hizo ni za marehemu. Siku mbaya anafuta vumbi.

"Picha ina pembe nne, yai halina," anaeleza. "Kila nikikata, kuna kitu kinabaki nje. Watu wanadhani kazi yangu ni urembo. Kazi yangu ni kuchagua kinachoachwa."

Anajua anachosema. Aliwahi kuchagua vibaya, na hajajisamehe.

Miaka minne iliyopita, mama mmoja alimletea picha ya mwanawe, fundi umeme aliyefariki wiki tatu baada ya kuhitimu chuo. Begani kwa kijana palikuwa na mkono. Mama Mayai hakuuliza ni wa nani. Aliufuta, akajaza shati mahali pake, akaikata picha. Foleni ilikuwa ndefu, na simu ya mteja ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta. Badala ya kunakili kwanza, alifanya kazi juu ya picha yenyewe, akaihifadhi. Ile ya mwanzo ikapotea.

"Nilijisifu," anasema. "Bega lilitoka safi kabisa."

Mama yule aliitazama kwa muda, kisha akauliza mkono wake uko wapi. Siku ya mahafali, mpiga picha alimwambia asogee asimzibe kijana. Akasogea, akabakiza mkono. Hawakuwa na picha nyingine wakiwa pamoja.

"Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, 'Haya, mwanangu,' akaondoka."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Mama Mayai anazoa. Wahitimu wa siku ile walikuwa kumi na wanane, na kila mmoja alikuwa akipiga picha. Amewapata kumi na mmoja. Mmoja alimtumia picha mia mbili, akazikagua moja moja. Mkono haumo. Anaijua nyumba ya mama yule, mtaa wa tatu kutoka hapa, na kwa aibu huzunguka njia ndefu asipite mlangoni kwake.

Mwashi amesikiliza yote haya, lakini hajabadili neno.

"Utoe tu, binti yangu. Tazama kucha zilivyojaa saruji. Watu watasema nini?"

"Watasema ulimshika, baba."

Ananakili picha kwanza. Kisha anaacha yai jembamba, anachora duara pana, na mkono unaingia na saruji yake. Mzee anavua miwani na kulia bila kujificha.

"Iache hivyo," anasema.

Anapoondoka, Mama Mayai hamwiti mteja anayefuata. Anatoa kwenye droo kioo kipya cha simu, bado kimo ndani ya karatasi yake. Mhitimu wa kumi na mbili amemwambia ana simu ya zamani yenye picha za siku ile, ila kioo kilivunjika, haiwaki tena. Jumapili atasafiri kwenda kumwona.

"Ikiwemo, siikati," anasema. "Nampelekea mama nzima, na pembe zake zote nne."

Na isipokuwemo?

Anakirudisha kioo kwenye droo. "Nitakwenda kwake hivyo hivyo. Nitabisha hodi, nimwambie bado natafuta."