Mianzi ya Alhamisi

Huko Nkwantapa, kwenye njia ya kwenda Mampong, kitu kikivunjika watu walisema kimefanya Boadi. Kiti kikilegea mguu, kimefanya Boadi. Mchi wa fufu ukipasuka kinuni, mwenye nyumba husonya tu: "Nao umefanya Boadi."

Mwalimu Dufie aliyasikia hayo sokoni, akanunua vitunguu vyake bila kugeuza shingo. Alikuwa mjane wa huyo Boadi. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto wa kijiji kile aliyewahi kumwona na kilemba kilichokaa upande. Mumewe alitengeneza baiskeli za mianzi kumi na tisa, na zote zilikuwa bado zinakwenda. Ya ishirini ilitengenezwa na mdogo wake, Barimah, aliyerudi kutoka Tema baada ya mazishi ili, kwa maneno yake, kuendeleza kazi ya kaka. Barimah alikata mianzi michanga katikati ya mvua, akaikausha siku tatu juu ya moto wa kuni, akaandika BOADI kwa rangi nyekundu, akamkabidhi mkunga Afrakoma. Fremu ilikatika siku ya gulio, mbele ya soko zima, mkunga akakalia beseni la nyanya la watu. Mkunga hakuumia. Jina ndilo lililoumia.

"Nitakupa nyingine," Dufie alimwambia mkunga. "Na hii mianzi yake nitaichagua kwa mkono wangu."

Ndivyo walivyojikuta, Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, kwenye kichaka cha mianzi cha Mama Akyaa, kando ya kijito. Dufie alishika daftari la marehemu, Barimah alishika panga.

"Huu hapa," alisema Barimah. "Kijani, mnyoofu, unang'aa kama bibi harusi."

"Huo una mwaka mmoja. Ni maji matupu."

"Umejuaje, mke wangu?"

"Usiniite mke wako."

"Mke wa kaka ni mke wangu. Sikuanzisha mimi."

Dufie alipita kutoka shina hadi shina, akigonga kwa kifundo cha kidole. Mianzi michanga iliitika kwa sauti nzito, kama tumbo lililoshiba. Aliyoitaka ilikuwa na madoa meupe ya ukoga kwenye ganda, miaka mitatu au minne, na ikigongwa inalia kavu. Alipata minane. Akaifunga kila mmoja uzi mweusi.

Mama Akyaa alikuwa akichemsha mawese hatua chache kutoka hapo. Alikuja akifuta mikono, akatazama nyuzi, akaguna.

"Umechagua vizuri, Mwalimu. Lakini bado inakunywa. Ukiikata leo bungua wataila kabla hujaipaka dawa. Mrudi Arobaini ikitimia, upepo mkavu utakuwa umeshaanza."

"Arobaini ikitimia," Dufie alikubali.

Barimah aliandika jambo kwenye simu yake.

Wiki zilipita. Upepo wa Hamatani ukaja na vumbi lake, midomo ikapasuka, na Dufie akaitwa Mampong kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Alilala huko usiku mmoja. Aliporudi Ijumaa mchana, alikuta mianzi minane imeegemezwa ukutani uani, majani yake bado juu kama daftari lilivyoagiza ili yamalizie kunyonya maji. Imekatwa juu kidogo ya fundo la chini, bila ufa hata mmoja. Ilikuwa mianzi mizuri kupita yote aliyowahi kuiona.

"Umeikata lini?"

"Jana," alisema Barimah, amejaa furaha. "Nilitaka nikushangaze. Hakukuwa na mtu hata mmoja mashambani, nimefanya kazi kwa raha zangu."

Dufie aliketi juu ya kinu kilichofunikwa.

"Jana ilikuwa Alhamisi."

"Ndiyo."

"Barimah. Kwa nini unadhani hakukuwa na mtu mashambani?"

Furaha ilimtoka usoni taratibu. Alhamisi ni siku ya ardhi. Haichimbwi, wala panga halipigwi.

"Lakini siku arobaini ziliisha jana," alisema. "Nimehesabu kwa simu. Tangu Jumamosi ile, arobaini kamili."

"Arobaini ina siku arobaini na mbili. Majuma sita. Ikianza Jumamosi inaisha Jumamosi. Mama yako hakukufundisha?"

"Tema siku yenye mwiko ni Jumanne, kwa wavuvi."

"Na wewe ulikwenda kuvua mianzi?"

Barimah alishusha sauti. "Hakuna aliyeniona. Tuchome mafundo kwa nondo, tuloweke kwenye dawa ya boraksi, tuitie kivulini miezi mitatu. Mkunga atapanda, jina la kaka litasafishika. Nani atajua?"

Dufie aliitazama ile mianzi. Kila kitu alichokuwa akikitafuta kilikuwa pale ukutani.

"Mimi nitajua," alisema. "Na kila nikiliona jina la Boadi kwenye hiyo fremu nitakuwa nasoma uongo."

Jumamosi asubuhi walikwenda kwa Mama Akyaa. Wanawake watatu walikuwa wakimsaidia kuchambua matunda ya mchikichi. Dufie angeweza kumwita pembeni. Hakumwita.

"Mianzi yako imekatwa Alhamisi," alisema.

Mikono ilisimama juu ya mawese.

"Nani alihesabu?" aliuliza Mama Akyaa.

Barimah alifungua mdomo. Dufie akamtangulia.

"Nyumba ya Boadi ndiyo iliyohesabu."

Mama Akyaa alimtazama Barimah, kisha simu iliyotuna mfukoni mwake. "Siku za mwizi ni arobaini," alisema. "Za mianzi ni arobaini na mbili." Wale wanawake wakacheka hadi mmoja akajifuta machozi. "Kondoo na chupa ya pombe. Na hiyo mianzi irudi ilikotoka, ioze hapo hapo. Ardhi ikishatulizwa, njoo uchague mingine."

Barimah alitaka kondoo apitishwe njia ya nyuma.

"Tutapita sokoni," alisema Dufie. "Wamezoea kutucheka bila kuuliza sababu. Leo waijue."

Wakapita sokoni. Kondoo aligoma mara mbili mbele ya wauza samaki, na kila aliyeuliza alijibiwa na Dufie mwenyewe, kwa sentensi nzima: tulikata mianzi siku ya Alhamisi, tunakwenda kutuliza ardhi. Watu walicheka, kisha wakasogea kupisha. Penye meza ya nyanya mkunga Afrakoma aliwasimamisha.

"Baiskeli yangu lini sasa, Mwalimu?"

"Miezi minne. Labda mitano."

Mkunga alivuta pumzi, akatazama viatu vyake vilivyokwisha visigino.

"Basi nitatembea," alisema. "Lakini huyu shemeji yako asihesabu tena kitu chochote."