Foni ya Maman Constance

Maman Constance wa Bagira alikuwa na ulimi, jamani! Neno likimfika mdomoni, hamezi. Na kazi yake, miaka ile ya Zaïre, ilikuwa ni kusema: kila asubuhi alikaa mbele ya foni, ile redio ambayo wauguzi wa mbali walitumia kuarifu magonjwa ofisini kwake, ofisi ya afya ya Bukavu. Foni haina siri. Anachoambiwa mmoja, wote wanasikia, kutoka Idjwi mpaka Shabunda.

Siku moja citoyen Mugisho, maana enzi hizo kila raia aliitwa citoyen, muuguzi wa kisiwa cha Idjwi, aliarifu surua. Chanjo ilikuwa haba, iliwekwa akiba kwa pale ugonjwa utakapozuka. Basi boti ikaipakia, ikavuka ziwa. Kumbe ni vipele vya joto! Kesho yake Constance akamshukia hewani.

"Citoyen Mugisho, macho yako iko wapi? Umekula esansi ya boti yetu bure! Usiniite tena mpaka ukuwe na hakika."

Foni nzima ikacheka. Mugisho akajibu, "Ndiyo, maman," na tangu siku hiyo ripoti yake ikawa ileile: "Idjwi, hakuna kitu." Constance akaridhika. Alidhani amemfundisha kazi.

Likizo ilipofika, akampeleka Feza, binti yake wa pekee, Idjwi kwa koko, bibi yake. "Kule ni salama," aliwaambia majirani. "Habari zake nasikia mimi mwenyewe kila siku."

Habari zilimjia kwa mvuvi, si kwa foni. Alipofika kisiwani, Feza alikuwa amekwisha kuzikwa, na watoto wa majirani wamelala mikekani, macho mekundu, miili imejaa surua. Ee Mungu, mzazi gani anastahili hilo?

Alimkuta Mugisho mlangoni pa zahanati, hajalala wala kula.

"Papa Mugisho, ulianza kuwaona lini?"

"Wiki iliyopita, maman."

"Na foni?"

Muuguzi akainamisha kichwa. "Nilikuwa nangojea hakika. Niliogopa kuchekwa tena."

Constance aliketi chini palepale, akalia, na Mugisho akalia naye.

Matanga yalipokwisha akarudi kazini. Wenzake walidhani atamrarua yule muuguzi hewani. Wapi! Alimwita wa kwanza, wote wakisikia: "Papa Mugisho, kosa ilikuwa yangu. Ukiona hata kipele kimoja, niite. Tutakuja, tutaangalia pamoja, na nitakuambia tumeona nini."

Miezi ikapita. Asubuhi moja sauti ya Mugisho ikaja hewani: mtoto mmoja, homa na vipele. Boti ikaenda, ikarudi. Vipele vya joto, kwa mara nyingine. Kesho yake foni yote ikangoja kusikia atamwambiaje.

"Asante, papa," Constance akasema. "Haikuwa surua, lakini ulifanya vizuri kuita. Ukiona tena, niite tena."

Akazima foni, akajifunika kitenge usoni. Angeyasema maneno hayo mara ya kwanza, Feza angekuwa shuleni asubuhi ile.