Siku Mjomba Alipotupandisha Mtumbwi Mmoja

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa sasa mimi ni bibi wa kushikwa mkono kwenye ngazi za zahanati. Ni siku niliyokwenda bwawani kuvua na kaka yangu Saidi, wakati huo hata salamu hatupeani.

Bwawa lenyewe liko huku kwetu, upande wa Mbekenyera. Wazee walizuia mto kwa tuta ili watu wapate maji ya kiangazi, maji yakapanda yakafunika miti yote ya bondeni. Kambale walipenda kulala katikati ya visiki, na huko wavu haupiti, unanasa na kuchanika. Kwa hiyo tulivua kwa mshipi wa mkono. Unafunga nati ya baiskeli iwe uzito, juu yake ndoana yenye utumbo wa kuku na kipande cha bati kinachong'aa, unashusha wima kutoka mtumbwini mpaka usikie imegusa chini. Hapo unainua kidogo, unaachia. Unainua, unaachia. Mkono usichoke, na mdomo ukae kimya. Aliyetufundisha ni Mjomba Bakari, ndugu yake mama. Walikuwepo waliosema mwanamke mtumbwini ni mkosi, Mjomba akawajibu kama hawataki samaki niliovua mimi waende wakale mlenda.

Sasa huo ugomvi. Mimi nilikuwa na haki, na nataka ulisikie hilo mapema, maana mzee akianza kuhadithia ugomvi wake wa ujana unamtegemea aseme alikosea. Mimi sikukosea. Mama alinigawia mikorosho ya upande wa kisimani, mbele ya Mjomba, kama ilivyo desturi yetu kwamba binti ndiye anayekaa na shamba la mama. Msimu ulipofika Saidi akaokota korosho zangu, akazichanganya na zake, akapeleka ghalani kuuza. Hakuniambia hata neno. Nikamfuata kule kwa mkewe alikokuwa anaishi, nikamsema mbele ya wakwe zake. Nilimsema vizuri sana, mwanangu. Enzi hizo nilikuwa na mdomo.

Tangu siku hiyo tukanuniana. Akinikuta njiani anaangalia migomba ya watu. Mama yetu, masikini, akawa anapika vyungu viwili, kimoja nile mimi asubuhi, kingine ale Saidi jioni, tusikutane. Idd ilipita hivyo hivyo. Halafu nikasikia Saidi anahamia Kilimarondo kufungua shamba jipya, na anaondoka wiki hiyo hiyo. Kilimarondo ya wakati ule ilikuwa mbali kwelikweli, mtu akienda huko unaweza kumaliza miaka hujamwona. Mama alianza kukaa mlangoni bila kazi mkononi. Alijua Saidi akiondoka na kinyongo kile, hatatuona tena sote wawili chini ya paa lake.

Mjomba Bakari akaniita bwawani asubuhi, akasema mama anatamani kambale. Nikaenda mbio. Kufika ukingoni namkuta Saidi naye amesimama pale, kaitwa kwa maneno hayo hayo. Nikageuka nirudi.

"We Hadija, unakwenda wapi?" Mjomba akasema. "Panda."

"Mjomba, na wewe unapanda?"

"Mimi kiuno kinaniuma."

Kiuno! Jana yake alikuwa juu ya nyumba anaezeka. Tulipoingia tu, akausukuma mtumbwi kwa mguu. "Sheria mnaijua," akasema. "Mwenzako akipata samaki, wewe unatoa mshipi wako majini, unashika mtumbwi. Mambo mengine yote yanangoja." Akakaa chini, akatupa mgongo, akaanza kusuka mgono, mtego wake wa kuvulia samaki.

Basi tukaanza kupiga kasia kila mtu na hasira zake, mtumbwi ukazunguka pale pale kama kuku mwenye kideri. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Tulipofika penye visiki tukatupa jiwe la nanga, tukashusha mishipi, yeye nyuma, mimi mbele. Tukakaa hivyo mpaka jua likaanza kuuma mabegani. Unainua, unaachia. Nilimwona mkono wake unavyokwenda, ni mkono ule ule wa Mjomba, na mimi wangu ni huo huo. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotaka.

Mara mshipi wake ukakaza, mtumbwi ukalala upande. Alikuwa kambale mkubwa, anakimbilia kwenye visiki, na Saidi amemshikilia mpaka mishipa ya shingo imesimama. Na mimi, wallahi, sekunde ile ile nikasikia kitu kinagonga kwangu. Nikasema moyoni, mwache ahangaike, ndiye bingwa wa kuokota vya watu. Nikaendelea na mshipi wangu. Maji yakaanza kuingia ubavuni.

"Dija!"

Hakusema nisaidie. Alisema Dija tu, jina la tulipokuwa watoto, ambalo hakuna aliyeniita tangu msimu wa korosho. Nikauvuta mshipi wangu na chochote kilichokuwepo kikaenda zake. Nikashuka chini mtumbwini, nikashika kingo zote mbili, nikaegemea upande wa pili mpaka ukanyooka. Samaki akapita chini yetu akatokea kwangu, Saidi akaupitisha mshipi juu ya kichwa changu, nikazamisha mkono, nikamkamata kambale mashavuni, nikamtupa ndani. Akanipiga mkia wa uso. Nilijaa matope ya mtumbwini mpaka mdomoni.

Saidi akacheka. Mimi nikakasirika, halafu nikacheka na mimi, tukacheka mpaka nikaogopa tutazama kwa kicheko baada ya kunusurika na samaki.

Tulipotulia nikamwambia, "Korosho zile zilikuwa zangu."

"Najua," akasema.

"Kwa nini ukazichukua?"

"Nilijiona mimi ndiye kaka. Nilikosea. Lakini wewe nawe, mbele ya wakwe zangu, Dija?"

Nikaanza kuchota kwa viganja maji yaliyoingia mtumbwini.

Mjomba alitupokea ukingoni, akamtazama samaki, akatutazama sisi na matope yetu. Hakutusifu. Alisema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake: "Mama yenu hataishi milele ili awapikie vyungu viwili. Akiondoka, nani atakayewaita?" Akabeba mgono wake akaenda. Mama alipika chungu kimoja siku ile. Alisema tu tulete maji ya kunawa, akala kuliko sisi wote.

Saidi alikwenda Kilimarondo vilevile, ila alikwenda na mbegu zangu za ufuta, na mimi nilimfungia mzigo. Alirudi kila alipoitwa. Mama alipokata roho mimi nilikuwa nimeshika mkono wa kulia na Saidi wa kushoto, na mama alilijua hilo, maana alitubana vidole sote wawili. Sasa Saidi naye ametangulia. Bwawa limejaa mchanga na matete, vijana wanapita juu ya tuta na bodaboda hawaangalii hata kushoto. Siku nyingine namwomba mjukuu anipeleke, nakaa pale nawakumbuka mpaka natosheka. Sitosheki kweli, lakini inabidi turudi.

Mwanangu, nasikia nyinyi siku hizi ndugu akikuudhi unajitoa kwenye kundi la ukoo kwenye simu, unamfungia na namba. Sikuambii uache haki yako. Mimi yangu sikuiacha, mikorosho ile ninayo. Nakuambia hivi: siku ndugu yako anapozidiwa, weka chako chini kwanza ukamshike, hata kama wewe ndiye uliyedhulumiwa na hata kama hajaomba radhi. Madai utayafungua baadaye, mkiwa wote wazima, na utashangaa yatakavyokuwa yamepungua uzito. Wala usisubiri mtu wa kukupandisheni mtumbwi kwa hila, kwa sababu akina Mjomba Bakari wamebaki wachache.

Mungu akujalie umri, akupe riziki ya halali na watoto wanaosikia. Na ndugu zako akuachie wote, mpaka mchoshane kwa uzee.