Blanketi Ambalo Halikwenda Ukweni

Mtu wa kwanza kuniuliza kwa nini ninafuma sweta Kampala, mji wenye joto lake hili, alikuwa mume wangu. Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Nilimjibu kwamba yeye naye hupiga soksi zake pasi kabla ya kwenda kazini, na ndani ya buti hakuna anayeziona. Alicheka. Mimi nikaendelea kufuma, na tangu siku hiyo sijaacha.

Nilizaliwa Kenya, kwenye milima ya chai, mahali ambapo asubuhi mtu huona pumzi yake ikitoka mdomoni kama moshi. Mama yangu alifuma akitembea, akipiga umbea, akisubiri zamu yake kisimani. Nilipokuja Kampala kufanya kazi ya keshia katika duka la jumla la vyombo vya plastiki, Kikuubo, nilikuja na nguo zangu na sindano zangu za kufumia. Mume nilimpata huku huku, kanisani. Ni askari polisi, mtu wa kaskazini, na lugha yetu ya nyumbani ni Kiswahili: mimi nikiongea cha kwetu, yeye kile alichofundishwa kwa amri na filimbi. Tunaishi Kibuli, kwenye mteremko chini ya msikiti, vyumba viwili na ua tunaochangia na majirani.

Sijui watu wanaposema kwamba kazi za mikono zinahitaji nafasi na utulivu wanazungumzia nyumba ya nani. Mimi nimefuma maharagwe yakichemka, mguu mmoja ukimbembeleza mwanangu mdogo na mdomo ukimsomea binti yangu imla. Nimefuma kwenye benchi la hospitali na kwenye mahubiri marefu. Uzi mpya wa sufu ni ghali, kwa hiyo nilikuwa nikinunua masweta ya mivumba, yale ya mtumba yaliyotoboka viwiko, nayafumua, naosha uzi wake na kuukunja upya. Kisha Jumamosi nautia rangi uani. Maganda ya vitunguu hutoa rangi ya dhahabu. Kokwa za parachichi hutoa waridi, kitu ambacho hakuna anayekiamini mpaka akione. Shabu ya kushikisha rangi nainunua Kisenyi, kwa mama mmoja Msomali ambaye mwanzoni alidhani mume wangu ni kinyozi, maana vinyozi huipaka kidevuni baada ya kunyoa.

Siku moja mume wangu alitoka lindoni, akakuta sufuria ya kokwa za parachichi imeachwa ipoe, akadhani ni chai ya rangi. Alijimiminia kikombe kizima. Sauti aliyotoa iliwaleta majirani. Kuanzia hapo tuliwekeana mkataba wa mdomo: sufuria ya rangi haivuki mlango wa jikoni, na yeye haonji kitu ambacho hakukaribishwa.

Huyo ndiye mume wangu. Si mtu mbaya. Nasema mapema, kwa sababu kuna mahali mbele ambapo utamkasirikia kama nilivyomkasirikia mimi.

Wifi yangu, dada yake mdogo, alikuja kuishi nasi alipopata kazi saluni. Alilala sebuleni, na sebuleni ndiko nilikoweka vitambaa vyangu. Wakati huo nilikuwa nimeanza blanketi la viraka. Fundi cherehani wa jirani alinipa mabaki ya vitenge. Nikaongeza gauni ambalo binti yangu alibatizwa nalo, mashati ya mume wangu yaliyoisha kola, na kanga ya mama yangu, ile niliyopewa baada ya mazishi yake. Juu viraka, katikati blanketi kuukuu, chini shuka. Tabaka hizo nilizishika pamoja kwa vifundo vya uzi wa sufu nilioutia rangi mwenyewe, na pembeni nikazungushia ukingo wa kufuma. Kazi hiyo ilichukua miaka, maana niliifanya kwa vipande, kati ya chungu na chungu, kati ya homa ya mtoto na mkutano wa wazazi shuleni.

Wifi aliyaita matambara. "Wifi, haya matambara yako yatatuletea panya." Aliyasukuma kwa mguu apate pa kuweka viatu vyake. Mama mkwe alipotutembelea kutoka kaskazini aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kambi alichojifunza enzi marehemu mumewe akiwa mwanajeshi, "Hii mwanamke hakuna kazi?" Nilikuwa nimerudi kutoka kazini Kikuubo jioni hiyo, nimepika, nimeogesha watoto. Nilichukua kiraka kingine.

Blanketi lilipokwisha nililitandika kitandani kwetu. Mume wangu alisimama mlangoni akaliangalia, akasema tu, "Kumbe lile shati langu la kijani liko hapa." Usiku ule alilivuta upande wake.

Kisha wifi akapata mchumba, kijana wa heshima, na siku moja shangazi wa yule kijana akaja nyumbani kututazama. Tulisafisha, tukapika kuku. Shangazi aliomba aonyeshwe mahali pa kuvua koti lake, nami nikampeleka chumbani. Alipoliona blanketi alisahau koti. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akapapasa vifundo, akafuata ukingo kwa kidole.

"Nani ameshona?"

Kabla sijafungua mdomo, wifi, aliyekuwa nyuma yetu, alisema, "Ni yangu, shangazi. Wifi ananishonea. Nitakuja nayo siku ya kuletwa kwenu."

Nilikuwa nimeshika koti la mgeni. Nililitundika kwenye msumari, taratibu, na kunyoosha mikono yake. Mgeni ni mgeni. Kwetu huwezi kumvua nguo mtoto wa nyumba mbele ya watu wanaokuja kumchumbia. Lakini shangazi alipoaga na vumbi la boda boda yake likatulia, nilimgeukia.

"Wifi, hilo blanketi ni langu."

"Si utashona lingine? Wewe si ndiyo kazi unapenda?"

"Napenda kazi. Hilo ni blanketi langu."

Alilia. Usiku alimpigia mama yake simu, na mume wangu akaniambia, akiwa amelala chali anatazama dari, "Mama watoto, mpe tu. Ni kitambaa." Hapa ndipo nilipokasirika. Nilivuta blanketi lote upande wangu na kumwachia shuka.

Mama mkwe aliwasili kwa basi. Jumapili baada ya kanisa tuliketi sebuleni: yeye kwenye kochi, mume wangu kwenye kiti cha plastiki, wifi kwenye mkeka. Mimi nilipiga magoti nikamsalimu mama mkwe kama wanavyosalimu wao, kisha nikaketi na kutoa soksi ya binti yangu niliyokuwa naifuma.

"Weka hiyo chini," mama mkwe alisema. "Hapa iko mkutano."

"Mama, nasikia kwa masikio. Mikono haina la kusema bado."

Mume wangu aliangalia sakafu. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, au alikuwa anaogopa. Kwa uso wake ni vigumu kujua.

Mama mkwe alizungumza kwa muda mrefu. Kwamba mke akiolewa, mali yake ni mali ya nyumba. Kwamba binti yake hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu baada ya neno kutoka. Kwamba mimi nimetoka mbali na nimepokewa vizuri, jambo ambalo ni kweli, na kwamba mtu aliyepokewa hutoa. Nilifuma safu kwa safu. Alipomaliza aliniambia, "Sasa sema."

"Mama, nilipokuwa nashona, yaliitwa matambara. Nilisemwa sina kazi. Matambara hayapelekwi ukweni."

"Hiyo ilikuwa maneno tu."

"Na hilo la kusema blanketi ni la wifi lilikuwa neno tu. Mimi sikuahidi."

"Mali ya nyumba..."

"Kama ni mali ya nyumba, mama, nani mwingine wa nyumba hii alishika sindano? Katika lile blanketi kuna kanga ya mama yangu mzazi. Ndicho kitu chake nilicho nacho Kampala. Wifi nampenda. Nitamnunulia masufuria, nitapika siku ya sherehe mpaka miguu ivimbe. Blanketi sitoi."

Sikupandisha sauti. Niliruka mishono, ikabidi nifumue safu nzima baadaye, lakini sauti haikupanda. Wifi alisema kwa chini, "Una roho mbaya." Nikamwambia labda. Mkutano ulivunjika bila sala.

Kesho yake mama mkwe alikuwa anarudi nyumbani. Nilitoka uani kumwagia maji ndoo ya uzi, na niliporudi chumbani kutandika, kitanda kilikuwa na shuka peke yake.

Nilijua lilipo kabla ya kutafuta. Begi lake lilikuwa mlangoni, limevimba, zipu imefungwa kwa nguvu. Yeye alikuwa ameshavaa gomesi yake ya safari, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, boda boda inanguruma nje. Mume wangu alikuwa ameinama kulichukua begi.

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza pia kunyamaza, kama wanawake wengi wazuri walivyonyamaza kabla yangu, halafu nikaliona blanketi langu siku ya sherehe juu ya kichwa cha mtu akicheza nalo. Nilifanya kitu cha tatu. Nilimwendea mama mkwe, nikapiga magoti mbele yake kwa heshima yote, nikamwambia, "Safari njema, mama. Wasalimie wote." Na nikiwa bado nimepiga magoti, nilifungua zipu ya begi.

Lilitoka lenyewe, kama unga uliochachuka. Nililivuta mpaka ukingo wa mwisho. Chini yake kulikuwa na mkate, sabuni na dawa zake za presha. Nilipanga mkate vizuri usipondeke, nikafunga zipu, nikasimama na blanketi langu mikononi.

"Unaona mke wako?" mama mkwe alimuuliza mwanawe. "Unaona?"

Dereva wa boda boda alizima injini ili asipitwe na kitu. Mume wangu alinitazama, kisha akamtazama mama yake. Alikuwa na uso wa mtoto na wa askari kwa wakati mmoja. Mwishowe alisema, "Mama, naona. Hiyo ni yake. Acha." Akabeba begi, akalifunga nyuma ya pikipiki.

Maneno hayo hayakuwa mengi, na yalichelewa. Niliyapokea hivyo hivyo.

Usidhani kila kitu kilitengenea. Mama mkwe hakunipigia simu hadi siku za sherehe, na mpaka leo akiongea nami huanza kwa kuguna. Wifi alihamia kwa rafiki yake, na kwa majuma mengi alipita mbele ya nyumba yetu akitazama upande wa pili wa barabara. Kanisani, mama mmoja alinivuta pembeni akanishauri kwamba kitambaa hakiwezi kuzidi undugu. Nilimuuliza kama angetoa kabati lake la vyombo. Alisema kabati ni jambo lingine.

Siku ya sherehe nilienda na masufuria mapya, yenye mifuniko, na godoro tulilonunua pamoja na mume wangu. Nilipika tangu alfajiri. Yule shangazi alinitafuta jikoni, jasho linanitiririka, akaniuliza lile blanketi liko wapi. Wifi alikuwa karibu, amevaa kitenge cha bibi harusi, akasimama kama mti.

"Liko kitandani kwangu, shangazi," nilisema. "Nilishona kwa ajili yangu."

Shangazi alinitazama toka juu mpaka chini. "Na mimi ningefanya hivyo," akasema, akachukua kipande cha nyama sufuriani akaenda zake.

Wifi alirudi kwetu alipokuwa mjamzito. Alikuja Jumamosi, nikiwa uani na uzi wa njano unachuruzika kwenye kamba. Aliketi kwenye stuli bila kukaribishwa, akanung'unika kuhusu mgongo wake, kisha akasema, "Wifi, mtoto atahitaji sweta."

"Kweli. Asubuhi za mvua zina baridi."

"Utafuma lini?"

Niliingia ndani nikatoka na sindano zangu za akiba na kidonge cha uzi laini, nikamwekea mapajani. "Nitakuonyesha."

Alifyonya. Lakini alishika. Nilimshika vidole, nikamwonyesha jinsi ya kuanzisha mishono, naye akaikaza mpaka sindano ikagoma kupita. Alitukana kwa lugha yao, akafumua, akaanza tena. Binti yangu alikuja kumcheka, naye akamtishia kofi la mchezo. Mpaka chai ilipoiva alikuwa na kipande kidogo kilichopinda kama sikio la mbuzi. Alikiangalia, akanirudishia sindano, na wiki hiyo hiyo akaenda Kikuubo akanunua sweta la kiwandani, jeupe, zuri kabisa.

Mtoto alipata joto. Mimi nilienda hospitali kumtazama, nikambeba, nikasifu sweta lake kwa moyo mmoja. Wifi alisubiri nione haya kwa kutomfumia. Sikuona. Nilimrudishia mwanawe, nikaketi pembeni ya kitanda chake, nikafungua mkoba na kutoa kazi yangu.