Ngege Watano wa Uani

Mume wangu alipohamishiwa kaskazini aliniachia vitu viwili vya kutunza: nyumba yetu ya Buruburu na samaki watano. Nyumba haikunisumbua. Samaki, Mungu anisamehe, sikuwapenda tangu siku ya kwanza.

Majirani wote walikuwa wanaongeza vyumba huko nyuma. Yeye akachimba kidimbwi. Karani mzima wa serikali, suruali imekunjwa hadi magotini, anachanganya saruji huku akipiga mluzi! Kisha akaja na ngege watano ndani ya debe, zawadi ya rafiki yake aliyefuga samaki. Nikamwuliza, "Tutawala lini?" Aliniangalia kana kwamba nimeuliza tutamla lini mama yake.

Watoto hatukujaliwa. Nalisema mapema ili lisiulizwe.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na uhamisho wangu ulikataliwa, kwa hiyo aliondoka peke yake. Siku ya kuondoka, sanduku liko mlangoni, bado anahubiri habari za kidimbwi. "Maji ya mfereji yana dawa, Mwalimu. Yaache yalale kwanza. Siku mbili kwenye pipa, bila kifuniko, ndipo uyamwage." Nikaitikia ehe, ehe. Pipa lile lilikuwa langu la kufulia, na mambo yake ya ajabu nilikuwa nimeyazoea.

Kila Ijumaa nilipitia posta. Barua zake zilikuwa mistari minne: mimi mzima, huku joto, chakula ni kile kile. Halafu, "Na samaki je?" Na wewe je, hakuandika hata mara moja. Jamani, niliwaonea samaki wivu! Lakini nilielewa upesi kwamba ni wao waliomfanya ashike kalamu. Wakifa, ataniandikia nini?

Mwezi wa tatu, kabla ya mvua, maji yalipungua yakawa kijani. Akaandika kwamba Pasaka atapata likizo. Basi, damu ya mama yangu ikanipanda. Kwetu Murang'a mgeni akitarajiwa, hata mawe ya uani yanasuguliwa. Jumamosi asubuhi niliwahamishia samaki kwenye beseni, nikachota maji yote machafu, nikasugua kile kidimbwi kwa brashi na sabuni ya unga, nikakisuuza mara tatu. Halafu, kwa kuwa mfereji ulikuwa unatoa maji siku hiyo na kesho haijulikani, nikatia mpira wa maji kidimbwini moja kwa moja. Maji yaling'aa! Nikawarudisha samaki, nikaenda kunywa chai kwa raha zangu.

Saa sita walikuwa wanaelea, matumbo juu, wote watano.

Mama wa nyumba ya pili alichungulia juu ya ua. "Ai, dada! Umewaogesha mpaka wakafa!" Akaangua kicheko, kisha akaniona uso, akanipa pole. Niliwazika kwenye bustani ya sukuma wiki kwa mwiko wa kupikia ugali, kwa sababu jembe sikuliona.

Pasaka hakuja. Likizo ilifutwa, barua ikaja badala yake. Na samaki je? Nilikaa kwenye meza niliyosahihishia madaftari, mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, nikaandika: "Samaki wazima, wanakusalimu."

Alijibu kwa ukurasa mzima. Ukurasa mzima! Nikaongeza. Nikamwambia mvua imeanza na samaki wanaruka kwa furaha. Nikamwambia yule mkubwa ni mchokozi, anawanyima wenzake ugali niliowatupia. Mwezi wa sita nikaona haitoshi, nikaandika kwamba wametaga, na vifaranga wamejaa tele.

Wakati huo kidimbwi kilikuwa na maji ya mvua na vyura wawili. Jioni nikitoka shule nilikaa pale kwenye kigoda, nikisikia redio za majirani na watu wakiitana wakale. Nilikuwa mpweke, sina neno lingine. Mvua ilipokatika nikaanza kujaza maji kwenye pipa, naliacha wazi siku mbili, kisha naongeza kidimbwini. Mama jirani aliniuliza namlazia nani maji. Nikamwambia ashike yake.

Barua iliyofuata ilichelewa wiki tatu. Niliifungulia pale pale kwenye kigoda.

"Mwalimu," aliandika, "kuna jambo sikukuambia. Wale ngege walikuwa madume watupu. Rafiki yangu aliwachagua hivyo makusudi, wasije wakazaana wakajaa kidimbwi. Kwa hiyo najua. Nadhani nilijua tangu uliposema wananisalimu, maana wewe na wao hamkuwa mnasemezana. Usilie. Huku jioni ni ndefu na sina wa kuongea naye, na barua zako nazisoma mpaka zinachanika. Hebu niambie, wale vifaranga wamefika wangapi?"

Nililia, tena kwa sauti, mama jirani akazima redio yake. Kisha nikaingia ndani, nikanawa uso, nikachukua kalamu.

"Thelathini na wawili," nikamwandikia. "Na mmoja amefanana nawe."