Gari Nililolifunga Kama Robota

Kazi niliyoijua kuliko zote ni kufunga mizigo. Shule niliishia darasa la saba, lakini ukinipa nguo, nailoni na selotepu, nitakufungia robota ambalo haliingii tone la maji kutoka Guangzhou mpaka bandari ya Dar es Salaam. Wafanyabiashara wa kwetu walinijua kwa hilo, na nisiseme uongo, lilinivimbisha kichwa.

Mizigo hiyo nilikuwa nikiifungia kwenye ghala la chini la karakana moja ya kushona nguo pale mtaa wa Kangle, Guangzhou. Mwenye karakana alikuwa dada wa Kichina aliyenizidi kama miaka kumi. Sote tulimwita laoban, yaani bosi. Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, alinunua gari la spoti: jekundu, milango miwili, paa la turubai la kukunja. Alilinunua kimyakimya. Baba yake kule kijijini hakuwa na habari, kwa hiyo mwaka mpya wao ulipokaribia alipanda treni kwenda kwao, gari akaniachia mimi.

Aliliingiza ghalani katikati ya marobota. Tuliongea kama kawaida yetu, Kiingereza cha kuokoteza, Kichina cha sokoni na mikono mingi.

"Mwezi na nusu," alisema. "Mvua ya baridi inaharibu turubai, kwa hiyo halitoki nje. Lakini kila wiki washa injini. Kila wiki fungua milango, lipumue. Umeelewa?"

"Nimeelewa, laoban."

"Nikirudi nikalikuta hivi," akagusa boneti, "cherehani ya dirishani ni yako. Shona mashati yako."

Mashati yangu! Nilikuwa na daftari zima la mashati niliyoyachora mwenyewe, yenye mifuko ya mshazari na kola za kitenge. Miezi minane namwonesha, miezi minane ananijibu "meiyou", hakuna nafasi. Siku ile nilimsindikiza mpaka kituo cha treni nikiwa nimembebea mabegi yote, hata pochi yake, mpaka akataka kuninyang'anya.

Wiki ya kwanza niliwasha injini. Nikakaa kwenye kiti kile cha ngozi, nikajiona naingia Kariakoo paa limekunjwa, watu wananipisha. Wiki ya pili nikakuta vumbi la pamba limetanda kwenye boneti. Lilinichoma moyo. Ndipo kichwa changu cha mfunga mizigo kikafanya kazi yake: nikalifunga gari. Nailoni mizunguko mitatu, selotepu kila pembe, hata chini ya tumbo nikapitisha. Nikarudi nyuma kulitazama, nikatabasamu peke yangu. Injini je? Nikajiambia, kitu kilichofungwa vizuri hivi hakihitaji kuguswaguswa.

Zilikuwa zimebaki siku tatu laoban arudi, akaja mama mmoja wa Mombasa kuchukua vitambaa vyake. Baridi ilikuwa imekatika ghafla, na upepo wa joto kutoka kusini ulikuwa umeingia mjini. Kuta za ghala zilitoka jasho, sakafu iliteleza kama imemwagiwa mafuta. Mama aligusa ukuta, akajifuta kwenye dera, kisha akaliona gari.

"Ni nini hicho?"

"Gari la laoban, Mama."

"Gari lataka kuzikwa? Mbona umelivisha sanda?"

Nikacheka. Nikamwambia hakuna unyevu unaoweza kupenya pale.

"Usiingie, sawa," akasema. "Na ule uliokuwa mumo humo ndani, utatokea wapi? Mimi nimepoteza robota zima la mashuka namna hii. Fungua, mwanangu."

"Laoban atafungua mwenyewe, nataka alikute—"

"Fungua!"

Nilikata nailoni kwa kisu. Maji yalitiririka upande wa ndani, yakanilowesha viatu. Nilipofungua mlango, harufu ya chumba kilichofungwa miaka ikanipiga usoni. Viti vyote vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Usukani pia. Nikaingiza ufunguo, nikazungusha. Tk. Nikazungusha tena. Kimya. Betri imekufa.

Nikakaa chini kwenye maji.

"Walia?" mama akauliza.

"Silii."

"Haya, basi ni jasho la ukuta. Inuka. Kalete siki."

Siku tatu zile sijui nilikula nini. Tulifunga madirisha yote ya ghala ili hewa ya nje yenye unyevu isiingie, tukawasha feni. Nilifuta viti kwa siki, nikakausha, nikafuta tena, na kila nilipogeuka niliona doa jipya. Fundi pikipiki wa kichochoroni aliichukua betri akaenda kuichaji. Mimi nikakimbilia mtaa wa Dengfeng, duka kwa duka kwa watu wa kwetu, nikiomba vile vipakiti vya punje vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu ili visipate unyevu.

"Siku hizi unakula hivyo?" mmoja akanitania. "Imeandikwa usile, ujue!"

Lakini walinipa, mfuko mzima. Nikavimwaga chini ya viti.

Asubuhi ya siku ya tatu injini iliwaka. Viti vilirudi rangi yake. Kilichogoma ni paa. Upande wa ndani, juu ya kichwa cha dereva, madoa meusi yalikuwa yameingia kwenye turubai, na siki haikuyagusa.

"Likunje," mama akanong'ona. "Akilikuta limekunjwa hataangalia."

Nikalikunja. Lilipendeza, wallahi.

Laoban alifika mchana, amenibebea machungwa ya kwao. Alilizunguka gari akicheka kama mtoto. "Nimemwambia baba," akasema. "Amekasirika siku mbili, halafu akauliza rangi yake. Akija nitampandisha." Akakaa kwenye usukani, akanusa, akashangaa kidogo. Mama alikuwa ananitolea macho ninyamaze.

Nilishindwa. Nikalivuta paa, nikalirudisha juu ya kichwa chake.

Alitazama madoa muda mrefu. "Kila wiki?" akauliza.

"Mara moja tu, laoban. Halafu nililifunga na nailoni. Nilidhani nalilinda."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliwasha gari, akashusha kioo, akasema neno moja tu, "Meiyou," akaondoka. Nikabaki na machungwa mkononi. Mama akaokota mzigo wake, akanipiga kibao chepesi kisogoni. "Mjinga wewe," akasema, lakini sauti yake haikuwa na ukali.

Wiki iliyofuata cherehani ya dirishani alipewa msichana mgeni kutoka mashambani. Siku mbili sikuweza kupanda juu karakanani. Ya tatu nilipanda saa ya chakula na daftari langu, nikamwonesha yule msichana kwa mikono kwamba nataka kujifunza kutia matundu ya vifungo. Alitazama michoro, akacheka kola zangu, kisha akasogea pembeni ya kiti. Laoban alipita na bakuli lake la wali, akatuona tumebanana pale. Akaendelea kutembea bila kunifukuza.