Vidole vya Mama Vilivyokataliwa na Mashine

Hasira yangu na yule kijana wa kusajili laini haijaisha, na wala sina mpango wa kuimaliza. Alimwambia mama yangu mbele za watu, pale stendi ya Korogwe, "Bibi, vidole vyako vimekufa." Hata shikamoo hakumpa.

Mama amefanya kazi korona tangu mimi sijazaliwa. Korona ndivyo tunavyokiita kiwanda cha kuchakata mkonge, tangu zamani, kabla ule ugonjwa haujatuharibia jina. Jani linaingia kwenye mashine, zinatoka singa, nyuzi mbichi zinazochuruzika maji yanayowasha, na wanawake wanazikumbatia kwenda kuzianika kwenye waya. Mikono mitupu! Glavu zilikuwa zinatolewa siku ya wageni. Wageni wakiondoka, glavu nazo zinarudi stoo.

Basi ukaja ujumbe kwenye simu yake kwamba laini isiyohakikiwa kwa alama za vidole itafungwa Jumatatu. Mama akanipigia Handeni, ninakofundisha biolojia, hata salamu hakuimaliza. Nilijua kwa nini. Kaka yangu mkubwa alikwenda kusini miaka mingi iliyopita, Msumbiji kwanza, kisha mbele zaidi. Hupiga mara moja au mbili kwa mwaka, kila mara kwa simu ya kuazima. Ukiirudia ile namba anapokea mtu mwingine kabisa. Namba pekee aliyoishika kichwani ni ya mama, na ikifungwa tumempoteza.

Ijumaa nikafika nyumbani. Nikamshika mama mikono, nikaona sugu zimejaa kwenye viganja na ncha za vidole. Nikasema mashine haitapenya hapa. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikamloweka vidole, kisha nikachukua lile jiwe la kusugulia visigino. Nilisugua kimoja baada ya kingine. Mama alikuwa anakunja uso lakini hakutoa mkono, akasema tu, "Sugua, wewe ndiye uliyesoma." Tulipomaliza vilikuwa laini na vyekundu, nami nikajiona mtu wa maana.

Asubuhi tukakaa chini ya mwavuli wa yule kijana. Mama akatoa kitambulisho chake cha taifa, akaweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Vyote kumi, mara mbili mbili, huku foleni nyuma yetu inaguna. Ndipo kijana akasema vile vidole vimekufa.

Nikalipuka. "Vya nani ambavyo havijafa? Hiyo ngozi yako unayoipaka mafuta kila siku, juu yote imekufa! Seli zinazaliwa chini, zinapanda huku zinajijaza keratini, zikifika juu zimeshakufa kitambo. Keratini hiyohiyo ndiyo iko kwenye nywele zako hizo ulizochonga, kwenye kucha, kwenye pembe la ng'ombe. Maiti umejibeba mwenyewe!"

Watu wakacheka. Mimi nikapata moto, nikaendelea kama niko darasani. Nikamwambia mistari ya kidole chimbuko lake ni kwenye ngozi hai kule chini. Mkonge unaifuta mistari hiyo kila siku kwa kusugua, lakini ukimpumzisha mtu wiki kadhaa inarudi ilivyokuwa. Kinachotakiwa ni kidole kipumzike tu, na asitokee mtu wa kukikwangua.

Hapo nikajisikia mwenyewe nilichosema.

Nilimtazama mama. Yeye alikuwa anatazama vidole vyake, vile vyekundu. Mistari michache iliyobaki niliiondoa mimi, kwa jiwe, kwa mikono yangu na shahada yangu. Jamani, mimi nafundisha hii mada kila mwaka! Nina mchoro wa ngozi ubaoni naweza kuuchora nimefumba macho. Lakini nilipoona sugu za mama sikufikiri, niliona uchafu wa kusafishwa. Nilitamani kujizaba kibao.

"Dada, usinipigie kelele," kijana akasema. "Weka chako. Tunaibadili laini iwe kwa jina lako, namba inabaki ileile."

Niliweka kidole gumba. Mashine ikalia mara moja, ikawaka kijani. Kidole changu kimeshika chaki na kalamu basi, hakijawahi kubeba singa hata moja, kwa sababu mama alinikataza nisikanyage korona.

Kwenye bajaji mama akauliza, "Kwa hiyo mimi sina tena simu?"

"Unayo, mama. Jina tu ndilo langu."

"Ndiyo nasema. Sina."

Nilimfokea. Nilimwambia anatafuta maneno, kwamba namba haikupotea, alitaka nini kingine? Dereva akapunguza mwendo asikilize. Mama akafunga kanga vizuri.

Nilikuwa nyumbani likizo iliyofuata kaka alipopiga. Ilikuwa mchana, tunachambua mchicha uani. Mama alipokea kwa haraka, akacheka, akalia kidogo, akamuuliza kama anakula. Vidole vilivyoshika simu vilikuwa vimeanza kuota sugu tena. Kisha nikasikia kaka anamuuliza kama bado namba ni hii, maana ndiyo pekee anayoijua.

"Ni hii," mama akasema. "Lakini ukipiga uwe unamsalimu kwanza mdogo wako. Simu ni yake. Mimi naazima, kama wewe."